Kadi saba kwenye pochi moja

Wadau, jana nilimwaga pochi mezani nikahesabu kadi: NIDA, mpiga kura, leseni, bima, benki, ya kazini na ya maktaba. Saba! Ya maktaba ndiyo imechakaa kuliko zote.

Hong Kong walianza kutoa kitambulisho chenye chipu mwaka 2003, na anayetaka anakisajili kiwe pia kadi yake ya maktaba. Estonia walitangulia mwaka 2002. Kadi ileile ya uraia unaazimia kitabu, na unasaini nyaraka kwenye kompyuta. Raha iliyoje.

Naitaka, sikatai. Ila mwaka 2017 chipu za kadi za Estonia ziligundulika zina dosari, kadi kama 760,000 hivi, na Novemba serikali ikasitisha vyeti vyake vya kielektroniki mpaka visasishwe. Na jirani zetu Kenya, Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha Huduma Card kwa kuwa tathmini ya ulinzi wa data haikufanyika kwanza.

Hapo ndipo ninaposita. Nikiazima kitabu cha kisukari, au cha talaka (msianze maneno), kwa nini mtu wa bima ajue? Kwa hiyo chipu ileteni, lakini maktaba isome namba yangu ya uanachama tu, na hospitali isione kabisa nasoma nini. Asiyetaka aachiwe kadi yake ya zamani. Ya kwangu nimeibandika gundi, bado inafanya kazi.