Tasa Ni Nani?

Vitabu vya hesabu vya Tanzania vinaiita namba tasa: ile inayogawika kwa 1 na kwa yenyewe tu. 2, 3, 5, 7, 11. Sisi wa Nairobi tulisomeshwa hesabu kwa Kiingereza, kwa hivyo jina hilo wengi hatulijui. Maana yake tunaijua sana. Ni lile neno shangazi hunong'ona harusini akimwona mwanamke aliyeolewa miaka mitano na bado hana mtoto.

Jina hilo ni tusi, na ni uongo pia. Simama hapa town uangalie matatu. 46 ya Kawangware ni 2 × 23. 105 ya Kikuyu ni 3 × 5 × 7. Kila namba nzima kuanzia 2 ama ni tasa, ama imetokana na tasa zilizozidishwa, na kwa njia moja tu. Sasa tasa ni nani?

Halafu kuna ile kubwa. Tarehe 12 Oktoba 2024 ilithibitishwa tasa iliyovunja rekodi zote. Andika 2 mara 136,279,841, zizidishe zote, kisha toa 1. Aliyeipata ni Mmarekani, Luke Durant, kupitia GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 1996. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiisoma pale Kencom tarakimu moja kwa sekunde, bila kulala, utamaliza baada ya siku 474 na zaidi.

Najua swali lako, kwa sababu ndilo wanaloulizwa wanafunzi wa hesabu pale Chiromo: hiyo itakulipia kodi ya nyumba?

Kuna wanaojibu haraka: eti tasa kubwa kama hii ndiyo inalinda pesa zako kwa simu. Wacheni hiyo stori. Mfumo wa RSA wa 1977 kwa kawaida hutumia tasa mbili za siri, kila moja ikiwa na tarakimu mia kadhaa. Namba inayojulikana na dunia nzima haifungi hata kibanda.

Na hata kama ingefunga, utetezi huo ni mbovu. Ukimtetea yule mwanamke kwa kusema "mngojeni, atazaa tu," umeshamwachia shangazi ushindi. Umekubali kwamba thamani yake iko tumboni. Ndivyo tunavyofanya na kila kitu mjini humu: shairi, kozi, mtu. Kama hakileti pesa kufikia mwisho wa mwezi, ni tasa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitetei kazi ya profesa yeyote. Natetea hii: Euclid, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alionyesha kwamba tasa haziishi. Chukua orodha yoyote ya tasa, zizidishe zote, ongeza 1. Jibu haligawiki kwa hata moja kati ya hizo, kwa hivyo lazima kuna nyingine nje ya orodha yako. Mtoto wa Kangemi anaweza kuelewa hilo kwa kalamu na karatasi, bila bando, bila kuomba ruhusa ya mtu. Halimlipi chochote. Ni lake.

Kiarabu huziita namba za awali. Tuazime jina hilo kama tulivyoazima mengine, na lile la shangazi tumrudishie.