Asbesto: Hatari Iliyofichika Katika Majengo Yetu ya Zamani

Mvua zinapokatika hapa Ufipa, msimu wa ukarabati huanza. Mapaa yaliyochakaa hushushwa na mabati mapya huezekwa, mara nyingi kwa nguvu za waamini wenyewe. Ni kazi njema. Lakini yatupasa kwanza kuuliza paa linaloshushwa limetengenezwa kwa kitu gani.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba mno. Katika karne iliyopita yalichanganywa na saruji kwa sababu hayashiki moto wala hayaozi. Wengi tunaifahamu asbesto ya paani. Tusiyoitarajia ni ile iliyomo katika mbao za dari, mabomba na matangi ya maji ya zamani, mifereji ya mvua, vigae vya sakafu, hata breki na klachi za magari ya zamani. Fundi anayepuliza vumbi la breki aweza kuivuta bila kujua.

Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Ugonjwa waweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, hivyo kijana anayevunja paa leo huenda akaugua akiwa mzee, wala asikumbuke siku ile. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, na Afrika Kusini, iliyokuwa mchimbaji mkubwa, mwaka 2008. Hata hivyo, marufuku ya leo haiondoi kilichojengwa jana.

Paa zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuvunjwa, vumbi likapeperushwa na upepo. Kwa hiyo tusiliguse kabla ya kupata ushauri wa mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira na wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Watoto wasitumwe kuokota wala kufagia vipande.

Tena, vipande hivyo visigawiwe kwa maskini wavifanye banda la kuku au paa la jiko. Tukifanya hivyo tumemhamishia jirani hatari tuliyoikimbia. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Bajeti ya paa jipya ibebe pia gharama ya kuliondoa la zamani kwa usalama. Bila hiyo, akiba yetu italipwa na mapafu ya wengine.