Nyota yetu Mpingo: jina ni letu, kipimo ni cha wengine

Ndugu Waislamu, wiki hii tunaomba tuyainue macho kutoka ziwani kwetu tuyaelekeze juu.

Usiku wa giza, anayesimama ufukweni Ujiji huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini mithili ya kijiji. Mvuvi mwenyewe haonekani. Lakini akipita mbele ya taa yake, mwanga hufifia kidogo, nasi tukajua kwamba pale pana mtu. Kwa njia kama hiyo wataalamu wa falaki wamezigundua sayari nyingi zinazozunguka nyota nyingine, mbali na jua letu. Sayari haionekani, nuru ya nyota yake hupungua, ikarudi, kisha ikapungua tena kwa wakati unaohesabika.

Mojawapo ina jina la kwetu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki (IAU), ukiadhimisha miaka 100 tangu kuasisiwa, ulizialika nchi mbalimbali kutoa majina. Tanzania ilipewa nyota iliyojulikana kwa alama ya WASP-71. Nyota ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite, kwa jina la kito cha Mererani. Sayari hiyo ni ya gesi, kubwa kuliko Mshtarii, na huizunguka nyota yake kwa takriban siku 3 tu, katika joto kali mno. Nuru ya Mpingo husafiri zaidi ya miaka 1,000 hadi kutufikia, na jicho tupu haliioni.

Tufurahi, lakini tusijidanganye. Mpingo umo katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi. Humo humo imo Menkar, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya pua. Majina ya namna hiyo yamedumu kwa kuwa wanazuoni kama Abdurrahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake cha nyota katika karne ya 10, walikesha wakizitazama na kuzipima. Kwao kazi ilitangulia, jina likafuata. Kwetu jina limetangulia; kazi bado inatusubiri.

Jambo hili linagusa nyumba zetu. Wapo miongoni mwetu wanaotoa fedha kwa mpiga ramli ili "wasomewe nyota", ilhali kitabu cha hisabati cha mtoto wanakiona ghali. Dini yetu imeikataza ramli, lakini haikuikataza hesabu. Kwa hesabu tunaijua kibla na nyakati za swala, na kwa kuikosa tunagombana kila unapokaribia mwandamo wa Ramadhani. Wala hatujasikia mpiga ramli aliyegundua sayari hata moja.

Rai yetu kwa wazazi na walimu wa madrasa wa Kigoma na Ujiji ni nyepesi. Watoto wapewe daftari, na kwa mwezi mmjoa waandike kila jioni mwezi umeonekana wapi na saa ngapi. Wawaulize wavuvi, ambao huzihesabu siku za giza na za mbalamwezi kwa sababu riziki yao imo humo. Anayeanza kwa kuupima mwezi huenda kesho akaipima nuru ya Mpingo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa.