MEZANI KWA MHARIRI: Zawadi Iliyonibana Kisigino

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu zawadi mlizopewa na wapenzi wenu mkashindwa kusema hazikuwafaa. Jamani, kumbe tuko wengi! Kuna dada wa Tabata amevaa pete inayombana miaka minne, usiku anaitoa kwa sabuni. Kuna kaka anakunywa chai ya tangawizi kila asubuhi, na tangawizi haipendi tangu utotoni. Nimecheka, halafu nikaona si haki niwacheke ninyi peke yenu. Leo zamu yangu.

Mimi nilipewa viatu. Si vya mchuchumio, wala si sendozi za Kimasai. Ni viatu vya kutelezea kwenye theluji, kule Norwei, ambako Baba Neema alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika mji wa Bergen. Pasaka ya 2023 nilikwenda kumtembelea. Miezi tisa hatujaonana, mtoto nimemwacha kwa bibi yake, nimeshuka uwanja wa ndege natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Tunafika chumbani tu, mwenzangu ananitolea boksi. Ndani viatu vyeupe, vyepesi, vina mstari wa pinki ubavuni. Vizuri mno. "Tunakwenda mlimani na wenyeji wangu, nimetaka uwe kama wao," akaniambia. Nani angesema neno hapo?

Wanorwei na Pasaka, mwenzangu, ni habari nyingine. Sisi tunakwenda kijijini au ufukweni, wao wanakwenda kwenye theluji ya mwisho na begi la machungwa na chokoleti. Na wanapokwenda mlimani hawatelezi kama wale tunaowaona kwenye televisheni, wanaopandishwa juu kwa bembea za umeme na kushuka kwa kasi. Hawa wanatembea. Kiatu kimeshikwa kwenye ubao kwa mbele tu, usawa wa vidole, kisigino kiko huru, kinapanda na kushuka kila hatua. Unatembea kutwa namna hiyo, kupanda na kushuka, hadi kibanda cha kulala. Chama chao cha watembezi kilianzishwa 1868 na kina vibanda vya namna hiyo nchi nzima.

Sasa mama mwenye nyumba wa Baba Neema, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, akaviomba viatu vyangu avione. Akakamata kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya vidole kwa mkono mwingine, akavikamua. Yaani kama unavyokamua kanga iliyotoka kwenye beseni! Viatu vikajikunja kama andazi. Akatikisa kichwa. "Hivi ni vya njia iliyochongwa," akasema. "Huko tunakokwenda hakuna njia iliyochongwa."

Nikamtazama mume wangu. Uso umemshuka. Nikasema haraka haraka, "Aa, vinanitosha vizuri tu, mama, nitakwenda navyo." Ilikuwa kwa ajili ya mapenzi. Au woga, sijui, siku hizi vinafanana.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye kukamua, maana ndicho kipimo chenyewe, na hata wewe unayejiandaa kupanda Kilimanjaro kitakufaa. Kiatu cha mlimani kinatakiwa kikatae kukamuliwa. Kikikubali kujisokota mikononi mwako, kitajisokota na mguuni: unaegemeza mguu upande mmoja ili ubao ushike theluji, kiatu kinageuka na wewe, ubao unabaki pale pale. Matokeo yake unaanguka, au unabeba kazi yote kwa kifundo cha mguu hadi kinachoka. Lakini kiatu hicho hicho kikunje pale vidole vinapoanzia. Hapo kinatakiwa kikubali, kwa sababu kila hatua kisigino chako kinainuka. Kigumu ubavuni, laini mbele.

Shingo ya kiatu nayo ipande juu ya kifundo, na ikushike. Viatu vingine vina kola ya plastiki kwa nyuma kabisa, inayozuia mguu usilale pembeni wakati wa kuteremka. Na kadiri ubao wako unavyokuwa mpana na mzito, ndivyo unavyohitaji kiatu chenye nguvu zaidi, la sivyo utakuwa kama mtu anayeendesha fuso kwa usukani wa baiskeli. Usipitilize pia. Yapo mabuti ya plastiki tupu, magumu kama ndoo, wanavaa watu wa miteremko mikali. Ukiyavaa kutembea kilomita 20 za tambarare utalia.

Viatu vyangu vyeupe havikuwa vibovu, nisivisingizie. Mahali pake ni njia zilizosawazishwa na mashine, au mashindano. Unamkumbuka Philip Boit wa Kenya? Mkimbiaji wa Eldoret aliyeona theluji kwa mara ya kwanza 1996, na 1998 akawa anashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa siku ile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mbio kama zile ni za viatu vyepesi, kwa kuwa njia imeshachongwa, kazi yako ni kusukuma tu.

Basi, tukapanda treni hadi Finse. Ni kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote Norwei, mita 1,222 kutoka usawa wa bahari, na hakuna barabara ya gari inayofika. Nje ni weupe mtupu, mbele yako barafu ya Hardangerjøkulen imekaa kama sahani iliyofunikwa. Hapo ndipo walipopigia picha za theluji za filamu ya Star Wars mwaka 1979, na ukisimama pale unaelewa kwa nini: si duniani. Tulikuwa tunaelekea kibanda cha Krækkja, zaidi ya kilomita 20. Njia haionekani, unafuata matawi ya miti yaliyochomekwa kwenye theluji, tawi hadi tawi.

Saa ya kwanza nilijikaza. Ya pili, kisigino cha kulia kikaanza kuwaka. Kiatu kilikuwa kikubwa kidogo nyuma, kwa hiyo kila hatua kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, kikisuguliwa. Kumbuka nilichosema: kisigino kinainuka pamoja na kiatu, si ndani ya kiatu. Asubuhi nilikuwa nimeongeza soksi ya pili kuziba nafasi, na hilo nalo likawa kosa, kwa sababu mbele vidole vikabanwa. Vidole vikibanwa damu haipiti, damu isipopita baridi inaingia. Nikawa na moto nyuma na barafu mbele.

Na bado sikusema! Baba Neema alikuwa mbele yangu, kila baada ya hatua kadhaa anageuka, "Vipi, vinakwendaje?" Najibu, "Fresh."

Kwenye mteremko mmoja tu, wala si mkali, ubao wa kulia ukaenda kushoto, mguu ukabaki. Nikasikia kifundo kinasema "ka". Nimekaa kwenye theluji, upepo umeanza kuinua unga mweupe, tawi la mbele silioni tena. Hapo ndipo nililia, na nikavisema vyote kwa mkupuo: vinanibana, vinanivua, sijavipenda tangu siku ya kwanza.

Akakasirika. Si kwa sababu ya viatu, alikasirika kwa ile "fresh". "Mama Neema, ningejuaje?" Sikuwa na jibu.

Yule mama mwenye nyumba hakugombana na mtu. Alitazama mbingu, akatazama mguu wangu, akageuza ubao wake kuelekea tulikotoka. Wenzetu wale wana kanuni za mlimani zilizosambazwa nchi nzima baada ya Pasaka ya 1967, ambapo watu 18 walipoteza maisha milimani. Ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Watoto wanaijua kama sisi tunavyojua nyimbo za mchakamchaka. Tulirudi Finse kwa mwendo wa konokono, mimi nimefungwa kifundo kwa skafu.

Usiku ule Baba Neema alinikanda miguu kwa maji ya vuguvugu. Kisigino kimechubuka hadi pekundu, malengelenge mawili yamepasuka, ila vidole vyote vilikuwa na rangi, nashukuru Mungu. Kimya kirefu. Halafu akauliza taratibu, "Kuna kingine unaniambia fresh?"

Kilikuwepo. Nilikuwa nimepewa kiti hiki cha uhariri ninachokiandikia leo, na nilikuwa nimeshakubali wiki tatu nyuma. Yeye alikuwa anajua nitahamia Bergen na mtoto mwezi Septemba. Ameshatafuta hadi chekechea. Nilimwambia pale pale, miguu ikiwa kwenye beseni, maana sikuwa na pa kukimbilia.

Sitawaambia yote tuliyosemezana. Tulilala tumepeana migongo. Asubuhi kwenye treni akaniuliza mshahara ni kiasi gani, nikamwambia, akasema "Si haba." Nikajua tunaongea tena.

Turudi kwenye viatu, maana najua wapo wasomaji wetu huko Oslo, Minnesota na Toronto wanaovihitaji kweli. Wiki iliyofuata yule mama alinipeleka dukani, si kununua, kujifunza. Kwanza akaniambia duka la namna hii tuingie jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea, na soksi ile ile ya sufu utakayovaa safarini uwe nayo mkononi. Funga gidamu, simama kwenye ngazi ukiangalia chini, piga kiatu mbele: vidole visiguse ncha, kwa sababu wakati wa kuteremka vitasukumwa huko. Kisha nyanyuka kwa vidole: kisigino kisiachane na soli. Ukikuta kimoja kinakubali na kingine kinakataa, achana na kiatu hicho hata kiwe na mistari ya pinki kumi. Viatu vya kike mara nyingi huwa vyembamba kisiginoni, jaribu hivyo kwanza badala ya kuchukua cha kiume na kujaza soksi.

Halafu kuna suala la mshikio, na hapa wengi wanapigwa. Ni kama zamani za chaja za simu: pini nyembamba ya Nokia haiingii kwa Motorola. Kuna kiatu chenye mdomo kama wa bata na matundu matatu chini, kinashikwa kwa pini tatu. Mshikio wake umetokana na ule alioutengeneza Bror With mwaka 1927, na kampuni yake ya Rottefella ipo hadi leo. Kuna kingine chenye chuma cha kulala chini ya vidole, kinaitwa NNN BC, kipana kuliko NNN ya njia zilizochongwa. Usichanganye, herufi zinafanana ila haviingiliani. Na tangu 2021 kuna aina nyingine, Xplore, yenye pini zinazoingia kutoka pembeni. Kwa hiyo ukiuziwa mbao kwa bei ya kutupa, uliza kwanza mshikio ni wa aina gani, ndipo utafute kiatu. Viatu vizuri vinazidi kroni elfu tatu, si pesa ya kubahatisha. Kama unakwenda mara moja, azima au kodi.

Ngozi au kitambaa? Mimi nachagua ngozi. Inakubali umbo la mguu wako taratibu, na ukiipaka nta inadumu. Ila uvae nyumbani kwanza, ukipika, ukideki, wiki mbili tatu. Na usiikaushie kando ya jiko, itapasuka.

Msidhani ni wanawake wageni tu wanaokosea. Kikosi cha Roald Amundsen kilifumua na kushona upya mabuti yake mara kadhaa katika baridi ya 1911 kule Antaktika, kwa sababu yalikuwa magumu na yanabana. Walitoka Septemba 8 kwa pupa, baridi ikawarudisha, watatu kati yao visigino vimeganda. Wakayarekebisha tena, wakaondoka Oktoba, na Desemba 14 wakafika Ncha ya Kusini.

Mimi Pasaka ya 2024 nilirudi Finse. Nilivaa mabuti ya ngozi ya binti wa yule mama, meusi, yamechakaa, mazito, hayana uzuri wowote. Baba Neema aliniuliza mara moja tu, karibu na nusu ya njia, vinakwendaje. Nikamwambia cha kushoto kimelegea. Akapiga magoti kwenye theluji, akakaza gidamu, tukaendelea. Krækkja tulifika saa kumi na moja jioni.

Vile vyeupe ninavyo bado, viko juu ya kabati. Neema anasema akikua atavivaa. Endeleeni kuniandikia, na yule dada wa Tabata, nisaidie: umeshamwambia? Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.