Gerezani Hakuna Mlima

Siandiki haya kwa kuwa nachukia mambo mapya. Mtu aliyeanza kazi ya ualimu kwa mwanga wa karabai na kuimaliza mbele ya kompyuta hawezi kuwa adui wa mambo mapya. Naandika kwa sababu kijana wangu alipunjwa mchana kweupe, mbele ya macho yangu, na nusu ya fedha niliitoa mimi.

Kijana huyo ni mjukuu wangu. Kazi yake ni kuchukua vipuri kwa wauzaji wa Gerezani na Kariakoo na kuvifikisha kwa mafundi wa Temeke, Tandika na Mbagala. Alikuwa akipanda daladala na boksi magotini, au akilipa bodaboda mpaka faida yote ikaishia barabarani. Siku moja akaja na habari njema.

"Babu, nimepata baiskeli ya umeme. Ina shokapu mbele na nyuma, tairi pana, ni ile ya milimani. Tena ni bei nafuu."

Nikamwuliza nafuu kuliko nini. Akasema, "Kuliko zile za Ulaya, Babu." Bei yenyewe ilikuwa milioni mbili na laki tatu. Jibu lile lilitosha kunishtua, lakini babu ni babu. Nikaigusa pensheni.

Nilisahihisha madaftari kwa miaka thelathini na saba, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Chang'ombe mwaka 1973. Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, nilikuwa simpi alama hata kama jibu ni sahihi. Lakini siku ile dukani nilipokea jibu bila kuuliza njia. Muuzaji aliibonyeza siti, baiskeli ikanesa kama godoro, sote tukacheka, tukalipa. Leo nataka kuuliza maswali niliyopaswa kuyauliza siku ile, na nayauliza kwa sauti, maana baiskeli za namna ile bado zimepangwa mbele ya maduka na vijana bado wanazibonyeza siti.

Swali la kwanza ni la shokapu. Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970, kwenye vilima vya Marin kaskazini ya San Francisco. Vijana wa huko, akina Gary Fisher na Joe Breeze, walichukua baiskeli kuukuu za tairi nene, wakazipandisha mlimani, mara nyingine kwa gari, kisha wakateremka nazo kwa kasi ya kuvunja shingo. Ulikuwa mchezo wao, na sina ugomvi nao. Shokapu ya nyuma ilikuja baadaye kwa haja hiyohiyo: gurudumu lisiiache ardhi pale mtu anaporuka mawe akiteremka. Sasa hebu tuambiane ukweli, Gerezani kuna mlima gani? Kupanda kwetu ni tuta la barabarani na mgongo wa daraja. Anayetaka kilima aende Pugu, na huko nako wauza mkaa wa Kisarawe wanateremka na magunia mawili juu ya baiskeli ambayo springi zake zote ziko chini ya siti.

Kifaa hicho kinapotengenezwa vizuri si kitu cha bei ndogo. Shokapu ya maana ina mafuta ndani ya kuizuia isirushe, na hiyo moja tu inaweza kugharimu sawa na baiskeli nzima ya kawaida. Basi mtu akikuuzia mota, betri na shokapu mbili kwa bei ya chini, jiulize amepunguza wapi. Nilimpelekea baiskeli yetu jirani yangu, fundi anayechomelea masanduku na majiko hapa Gerezani. Akaitazama ile ya nyuma, akaisukuma kwa goti, ikarudi na kumpiga.

"Mwalimu," akasema, "hii ni springi ya kitanda. Wameipaka rangi nyekundu."

Hakukuwa na mafuta wala hewa, ila chuma kilichoviringishwa. Ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu zako inakwenda kuibonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu. Na kila kiungo cha fremu kinachocheza kina bushi yake, na bushi haipendi vumbi. Baada ya miezi mitatu ya vumbi la Mbagala, fremu ya nyuma ilikuwa inayumba kushoto na kulia kama mlango wenye bawaba moja.

Wapo watakaonijibu kwamba barabara zetu ni mbovu na ndiyo maana shokapu zinahitajika. Hoja hiyo naiheshimu kwa kuwa imo nusu ya kweli. Barabara za mitaa ni mbovu kweli. Lakini tairi pana iliyojazwa upepo wa wastani inameza shimo bila kudai bushi, na kama mkono unauma, shokapu ya mbele peke yake inatosha. Ya nyuma ina kosa ambalo hakuna aliyetutajia dukani, nalo ndilo kubwa kuliko yote: haikupi mahali pa kufunga keria.

Naomba hapa tusimame kidogo. Keria! Katika mji huu baiskeli inahesabiwa kwa keria yake. Mkate unakwenda kwa keria, mkaa unakwenda kwa keria, samaki wa feri anakwenda kwa keria, na mtoto anapelekwa shule kwa keria. Kwenye fremu ya kawaida keria inasimama juu ya ekseli ya nyuma na kushikwa na fremu, vyote vikiwa kitu kimoja. Kwenye fremu yenye shokapu ya nyuma, ekseli inapanda na kushuka huku siti imetulia, kwa hiyo ukifunga keria ya kawaida lazima kitu kipinde. Kijana wangu hakulijua hilo. Mchomeleaji mmoja akamtengenezea keria ya nondo, akaichomea kwenye mkono wa nyuma wa fremu. Wiki ya pili, akiwa na boksi la pampu za maji, mkono ule ulikatika pale Kamata, katikati ya magari. Alianguka upande wa kushoto, akavunjika kifundo cha mkono, na namshukuru Mungu kwamba dereva aliyekuwa nyuma yake alikuwa macho. Akakaa wiki sita bila kazi. Pampu mbili zilipasuka, na mwenye mali alitaka fedha yake.

Dukani walisema kosa ni la mchomeleaji. Ni kweli kwamba mchomeleaji alikosea. Lakini mtu anayemwuzia mpeleka mizigo baiskeli isiyobeba mzigo, naye amemsikia kwa masikio yake akisema kazi yake ni mizigo, huyo amekosa nini? Wenzangu wastaafu wananiambia biashara ni biashara na mnunuzi afumbue macho. Mimi nasema mwalimu anayempa mtoto kitabu cha darasa la saba huku akijua yuko darasa la pili hawezi kujitetea kwamba mtoto alikipenda chenyewe.

Swali la betri ni hesabu tupu, wala halihitaji zaidi ya hesabu za shule ya msingi. Tangazo lilisema kilomita 80. Kwenye betri yenyewe kulikuwa na karatasi ndogo imeandikwa volti 36, ampea-saa 10. Zidisha: wati-saa 360. Sasa gawa kwa 80 upate wati-saa nne na nusu kwa kila kilomita. Kiasi hicho kinamtosha mtu mwembamba anayekanyaga kwa bidii mwenyewe huku mota ikimsindikiza tu. Mtu mwenye mzigo, kwenye jua letu, akiitegemea mota, atatumia kumi na mbili, kumi na tano, hata zaidi. Gawa tena: kilomita 30, au pungufu. Kwenda Mbagala Rangi Tatu na kurudi imo humo, ila hakuna safari ya pili mpaka ichajiwe. Nasisitiza kwamba hizo 30 si haba. Kuijaza betri hiyo hakumalizi hata nusu uniti ya LUKU, gharama ambayo huwezi kuilinganisha na petroli. Hapo umeme una haki yake na siinyimi. Kinachoniudhi ni kwamba ukweli ulikuwa unatosha kuiuza betri ile, na bado wakaongeza uongo.

Uzito nao. Niliikokota hadi kwa wanunuzi wa chuma chakavu, maana ndio wenye mizani ya uhakika mtaani kwetu. Kilo 28. Breki zake zilikuwa za diski, kijana akijivunia, lakini za waya, na diski zenyewe nyembamba kama kifuniko cha mkebe. Jumlisha kilo 28, kijana wa kilo 65 na boksi la kilo 30, kisha uniambie kama ungekubali kumtuma mwanao ashuke nazo daraja lolote mvua ikinyesha. (Mwenye mizani aliniuliza kama nauza. Nilikaribia kusema ndiyo.)

Na kuna jambo la usiku, ambalo linanikosesha usingizi kuliko yote. Nyumba zetu za Kariakoo na Gerezani mnazijua: vyumba sita, ukumbi mmoja, mlango mmoja wa mbele. Kijana alikuwa akiichaji betri ukumbini, karibu na mlango, kwa sababu ndipo palipo na soketi, naye amelala. Betri hizi za lithiamu zikiwa na hitilafu, au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huwaka ghafla na moto wake ni mgumu kuuzima. Huko New York, mji wenye zimamoto wa kutosha, mwaka 2023 peke yake moto uliotokana na betri za lithiamu ulitokea mara 268 na kuua watu 18, na mwaka huohuo halmashauri ya jiji ikapitisha sheria kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe bila kuthibitishwa na wapimaji. Betri yetu haikuwa na alama ya mpimaji yeyote. Chaja ilipokufa, kijana aliuziwa nyingine barabarani, ya volti nyingine, na ni yule fundi jirani aliyeiona kwa bahati akaizuia. Wapangaji wa nyumba ile ni kumi na tisa, watoto saba.

Betri sasa iko kwangu, barazani, juu ya saruji, mbali na mlango, na naichaji mchana nikiwa nimekaa kando yake nasoma gazeti. Fremu imekwisha. Mota ingali nzima, na fundi anasema inaweza kufungwa kwenye gurudumu la baiskeli ya chuma ya kawaida, yenye keria ya kweli na breki za kushika, ilimradi tupate spoki za kipimo chake. Mkono wa kijana umepona, ila bado anaukunja kwa uangalifu.

Ameniomba Jumamosi twende wote kuitafuta hiyo baiskeli ya chuma. Nimekubali. Nimeshaongea na mwenye mizani atufungulie mapema.