Kompyuta isimwache mgonjwa mikono mitupu

Bila shaka umewahi kumwona mwuza dawa akiikodolea macho karatasi ya daktari, akiigeuza huku na huku. Mwandiko mbaya si jambo la mzaha. Carbimazole hutuliza tezi ya shingo. Carbamazepine huzuia kifafa. Herufi chache zikififia, mgonjwa huenda akameza dawa isiyo yake.

Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Dijitali ya mwaka 2023, iliyoweka msingi wa mfumo wa kitaifa wa habari za afya kwa kompyuta, yastahili kuungwa mkono.

Hata hivyo, mfikirie mkazi wa Kasigau aliyekuja kutibiwa Voi. Akiambiwa dawa imekwisha hospitalini, atalazimika kununua dukani. Ikiwa maagizo ya daktari yamefungiwa ndani ya kompyuta ya hospitali, mwenye duka atayasomaje? Na umeme ukipotea je? Mgonjwa huyo hana nauli ya kwenda na kurudi kila siku.

Yafaa basi kila mgonjwa apewe nakala iliyopigwa chapa, yenye jina halisi la dawa, kipimo chake na idadi ya siku za kuitumia. Tena, daktari aonyeshwe dawa zilizomo stoo kabla hajaandika.

Nawe msomaji, usitoke kwa daktari bila kuuliza: dawa hii yaitwaje, na ni ya nini? Kompyuta haitakuulizia.