Siku ya Saba, Funguo za Petro na Bombomu ya Lugard
Wiki hii matangani, wali haujaiva hata, wazee wawili walishikana maneno juu ya kanisa la kweli: mmoja na Petro wake aliyekabidhiwa funguo, mwingine akihesabu siku ya saba kwa vidole. Mfiwa alikaa katikati yao, hana wa kumpa pole. Mabishano haya mimi huyapenda, hasa yakifika kwenye ubatizo wa maji mengi na maji machache, lakini safari hii mawazo yalinipeleka Buganda. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, vijana waliogoma kuikana imani walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Haikupita hata miaka sita, Januari 1892, ndugu zao wakapigana Mengo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, au Wafaransa kwa Waingereza, ndivyo walivyoitwa, ingawa wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard, Mwingereza, alikuwa na bombomu ya Maxim, tena alikuwa upande wa Waprotestanti. Basi siku hiyo kanisa la kweli likaonekana liko Namirembe kwa Waanglikana, si Rubaga kwa Wakatoliki. Anayeitazama mbingu kwa dirisha moja hudhani jirani hana paa. Nasema wazi: wengi wetu hatutetei ukweli, tunatetea benchi tulilokalishwa na mama zetu kabla hatujajua kusoma. Babu yangu angesoma misheni ya ng'ambo ya mto, leo ningekuwa naapa kwa katekisimu nyingine, na kwa sauti ileile.